Mlinzi Aliyeipa Roketi Mgongo

Hii nimeipokea kwa shemeji yangu, naye hasemi aliitoa wapi. Msiniulize ni nchi gani wala mwaka gani, sijui. Ninachojua ni kwamba niliisoma nikisubiri chai ichemke, na chai ikafurika yote jikoni. Naituma kama ilivyonifikia, nimenyoosha sentensi mbili tatu tu. Nyinyi mnaoteremka moja kwa moja kutafuta funzo, leo naomba mvumilie.

Palikuwa na kijiji kimoja cha pwani. Zamani, wakati wazee wetu wa leo walikuwa vijana wenye nywele nyingi na viuno vyembamba, wataalamu kutoka nchi za mbali walikuja huko wakajenga jukwaa la chuma ndani ya ghuba. Kutoka juu ya jukwaa hilo walirusha roketi. Leo ukimwambia mtoto kwamba roketi zilikuwa zikipaa karibu na minazi ya babu yake, anakutazama kwa huruma. Lakini zilipaa, tena tisa. Zilibeba vyombo vya kupima mambo ya angani ambayo watu wa kijiji hawakuyaelewa vizuri, ila walielewa kwamba kuna watu huko duniani wanaongoja kitu kinachotoka kwao.

Enzi zile zilikuwa tamu, na sioni aibu kusema nazitamani ingawa sikuwepo. Siku ya kurusha, shule ilifungwa saa nne asubuhi. Akina mama waliteremsha vyungu motoni, wakajifunga leso za kutokea, wakakaa uani wameelekea ghubani. King'ora kililia mara tatu. Kisha ardhi ikatetemeka, sufuria zikagongana, na moto ukaonekana unapanda juu ya minazi. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka, na jioni kila mmoja alikuwa na hadithi yake.

Kila mmoja isipokuwa Thoya.

Thoya wa Mwarandu alikuwa mlinzi wa mnara wa kusini. Mnara wenyewe ulikuwa wa mbao, umesimama kwenye ncha ya ardhi inayoingia baharini. Kazi yake ilikuwa kuangalia bahari kuu kwa darubini, ahakikishe hakuna mtu wala chombo mahali ambapo vipande vya roketi vingeanguka. Bahari kuu ilikuwa mbele yake, na jukwaa la roketi lilikuwa nyuma ya mgongo wake.

Kiti cha mnarani kilipigiliwa misumari sakafuni, kikitazama baharini, ili mtu asikigeuze. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walipofanya majaribio ya kwanza kwa roketi ndogo, alikuwepo mlinzi mwingine, na huyo aligeuka. Ni mara moja tu, kama vile mimi na wewe tungegeuka. Aliporudisha macho baharini, kipande cha chuma cha moto kilikuwa kimeanguka hatua chache kutoka kwa watu wawili waliokuwa wakitega madema ya samaki. Hawakuumia, lakini mlinzi yule alipoteza kazi siku hiyo hiyo, na fundi akaja na nyundo na misumari.

Thoya alipochukua nafasi hiyo alifundishwa mambo mawili. La kwanza, usigeuke. La pili, kwenye redio sema ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, si ulichoambiwa, hata kama aliyekuambia ni mkubwa wako. Dakika ya mwisho kabla ya kurusha, kituo kikuu kilikuwa kinamwita, naye anajibu maneno yale yale kila mara:

"Mnara wa kusini. Bahari tupu."

Bila maneno hayo, hakuna mtu aliyethubutu kubonyeza kitu.

Roketi tisa zilipaa, na Thoya hakuiona hata moja. Alisikia ngurumo, alihisi mbao za mnara zikitetemeka chini ya nyayo zake, na mara nyingine alihisi joto kwenye shingo. Shingo yake ilitaka kugeuka, anasema, mpaka akawa anauma meno. Hakugeuka.

Akirudi nyumbani alimkuta mkewe, Sidi, anamngoja mlangoni. Hata viatu hajavua, Thoya angeuliza, "Haya, leo ilikuwaje?"

Sidi alijua kusimulia. Alichukua mwiko, akaufanya roketi, akauinua polepole kutoka kwenye kinu mpaka mkono ukanyooka wote. Kuhusu roketi ya kwanza alikuwa na jambo lake ambalo hakuliacha maisha yake yote.

"Haikwenda wima," alimwambia. "Watu wote wanasema wima, lakini mimi nilitazama vizuri. Ilipotoka tu, iliinama kidogo upande wa kushoto, kama mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Halafu ikajinyoosha."

Majirani walimcheka. Sidi akawaambia wao walikuwa wanapiga kelele, yeye alikuwa anatazama.

Basi, miaka ikapita. Wataalamu wakafunga virago, jukwaa likapata kutu, mbao za mnara zikaenda kuezekea mabanda ya kuku. Thoya akazeeka. Sidi akafariki, miaka miwili kabla ya mambo ninayotaka kuwaeleza.

Lakini hata kabla Sidi hajafa, Thoya alikuwa ameanza kuonekana mwongo. Wazee wakikaa kwenye mabenchi ya kahawa, vijana walikuwa wanawauliza habari za roketi. Mwenye maneno mengi alikuwa bwana mmoja aitwaye Ngowa, ambaye wakati ule alikuwa mgema, na roketi ya kwanza aliitazama akiwa juu ya mnazi. Ngowa aliisimulia mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Kisha vijana wangemgeukia Thoya.

"Na wewe, mzee, si unasema ulifanya kazi huko? Tuambie ilivyopaa."

Thoya alikuwa anatazama kikombe chake. "Mimi sikuiona," angesema.

"Ulifanya kazi ya roketi na hukuiona roketi?"

"Wee muacheni," Ngowa angesema, huku anacheka. "Labda alikuwa anafagia."

Wakampa jina, Thoya wa Roketi, na halikuwa jina la heshima. Lilimuuma. Alikuwa na miaka themanini na mbili, na hakuwa na karatasi wala picha, kwa sababu siku zile walinzi hawakupigwa picha. Alijua akifa, kijijini litabaki neno moja tu juu yake, kwamba alikuwa anajisingizia kazi asiyoifanya.

Sidi aliliona hilo kabla ya kufa. Siku zake za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Thoya, siku moja watakuuliza kwa dhati. Wakikuuliza, waambie vile nilivyokuambia. Ile ya ndoo. Macho yangu na yako ni mamoja."

Sasa sikilizeni. Ilipotimia miaka hamsini tangu roketi ya kwanza, iliundwa kamati ya maadhimisho. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Mkawasi, mama wa makamo ya juu, mvi kichwani, miwani puani, asiyecheka ovyo. Kijijini hakuna aliyemfahamu. Walijua tu ametoka mjini na amekuja na jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa zuri, jeusi, linang'aa. Majina ya wataalamu wa kigeni yalikwisha kuchongwa upande mmoja, kwa sababu yamo vitabuni. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Huo uliachiwa wenyeji waliokuwa kazini siku ya roketi ya kwanza, lakini daftari la majina yao lililiwa na mchwa zamani, na hakuna aliyekuwa na nakala. Ikatangazwa kwamba Jumamosi asubuhi, yeyote aliyekuwa kazini siku ile afike uwanja wa shule.

Walifika watu sitini na watatu. Wengine, ukipiga hesabu ya umri wao, siku hiyo walikuwa wananyonya.

Bi Mkawasi aliketi nyuma ya meza na karatasi yake. Aliwaamkia wazee wote, akawashukuru kwa kuja, kisha akasema, "Nitamuuliza kila mtu swali moja tu. Siku ile, roketi ilipoondoka, wewe uliona nini?"

Watu walifurahi. Lilikuwa swali jepesi.

Wa kwanza alikuwa Ngowa, na sitaki kumdhulumu, alisimulia vizuri sana. Alieleza moto, akaeleza moshi uliofunika ghuba, akaeleza roketi ilivyopanda wima kabisa kama mnazi aliokuwa ameupanda. Uwanja mzima ulimpigia makofi. Bi Mkawasi akasema, "Asante, baba. Kaa pale upande wa kulia."

Akaja wa pili, wa tatu, wa kumi. Moto, moshi, wima. Wote wakapelekwa kulia. Viti vya kulia vikajaa, upande wa kushoto hakuna aliyekaa, na waliokaa kulia wakaanza kupongezana.

Thoya alikuwa kwenye foleni, kofia mkononi. Alisikia kila aliyemtangulia, na moyoni alijua kwamba yeye anayo simulizi inayozishinda zote. Aliisikia kwa Sidi mara mia. Alijua mahali pa kuinua mkono na mahali pa kunyamaza. Tena alikuwa na ruhusa ya mwenye simulizi. Midomo yake ilianza kuyapanga maneno.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Bi Mkawasi. "Siku ile, roketi ilipoondoka, wewe uliona nini?"

Thoya alifungua kinywa, akakifunga. Aliigeuza kofia mkononi.

"Roketi sikuiona," alisema.

Upande wa kulia kukawa na vicheko. Sauti ya Ngowa ilisikika juu ya wote: "Si niliwaambia?"

Bi Mkawasi hakucheka. "Hukuiona, au hukuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Aliyeiona ni marehemu mke wangu, naye alinisimulia. Ningetaka, ningekueleza vizuri kuliko hawa wote waliokaa pale. Lakini umeuliza mimi niliona nini. Pale nilipokuwa nafanya kazi tulifundishwa kusema tulichokiona sisi."

"Basi wewe uliona nini?"

"Maji," alisema Thoya. "Maji, na ndege wawili weupe."

Vicheko vikaongezeka. Bi Mkawasi aliinua mkono na watu wakatulia. Aliinamia meza kidogo.

"Na ulisema nini kwenye redio?"

Hakuna aliyekuwa ametaja redio. Thoya alimtazama yule mama kwa mshangao. Kisha, bila kujijua, akavaa kofia yake na kunyoosha mgongo, na sauti ikamtoka ambayo pale kijijini hawakuwahi kuisikia, sauti kavu ya kazini.

"Mnara wa kusini. Bahari tupu."

Bi Mkawasi akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alipoweza kusema, alisema polepole, "Nimekuwa nikiitafuta sauti hiyo. Kaa upande wa kushoto, baba."

Nyuma ya Thoya alikuwa amesimama Mama Nyevu, aliyekuwa mpishi wa kituo. Asubuhi yote alikuwa amejiandaa kusimulia moto na moshi kama wenzake, maana aliona ndiyo majibu yanayopigiwa makofi. Sasa alikuna shingo.

"Haya, na mimi niseme kweli," alisema. "Nilikuwa jikoni. Watu arobaini wangekuja kula baada ya kurusha, na chapati ziko kwenye chuma. Nilisikia tu kishindo. Moja iliungua."

"Kaa kushoto, mama."

Baada yake akaja mzee aliyekuwa wa kikosi cha kuzima moto. Yeye alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya magunia ya mchanga, mpira wa maji mkononi, pua kwenye vumbi. Akaja fundi wa umeme aliyekuwa amekodolea macho taa moja ndogo ya kijani. Ilipofika adhuhuri, upande wa kushoto kulikuwa na watu saba. Upande wa kulia walikuwa hamsini na sita.

Bi Mkawasi akasimama. "Majina ya jiwe ni haya saba," alisema.

Ngowa aliruka juu. "Mama, hiyo si haki. Sisi ndio tulioiona."

"Mliiona, baba, na nafurahi mliiona. Mmeikumbuka miaka hamsini, na kumbukumbu zenu nimeziandika zote. Lakini jiwe hili ni la waliokuwa kazini. Saa ile, mtu aliyekuwa kazini hakuwa na nafasi ya kutazama."

"Wewe umejuaje?" akauliza Ngowa. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," alisema Bi Mkawasi. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa kituo kikuu, kwenye chumba kisicho na dirisha. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno linaloingia redioni na saa lilipoingia. Nilizisikia sauti za baadhi yenu hawa wa kushoto, nyuso zao sikuwahi kuziona. Sauti ya mwisho kabla ya kurusha ilikuwa daima ile ya mnara wa kusini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikiisikia inatulia. Na mimi roketi sikuiona. Mpaka leo."

Ngowa akakaa chini, na kwa heshima yake niseme kwamba ndiye aliyeinuka tena wa kwanza, akavuka kwenda upande wa kushoto akampa Thoya mkono. Hakusema kitu, na kwa Ngowa hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ilibaki filamu. Pamoja na jiwe, kulikuwa kumeletwa filamu iliyopigwa siku ya roketi ya kwanza, kutoka kwenye kilima kilicho nyuma ya kijiji. Waliziba madirisha ya darasa moja kwa leso, wakawasha mashine, wakawaketisha wale saba mstari wa mbele. Bi Mkawasi alikaa karibu na Thoya.

Ukutani likatokea jukwaa, dogo, la kijivu. Nyuma yake ncha ya ardhi, na juu ya ncha hiyo kijiti chembamba ambacho ni mnara. Moto ukawaka. Vichwa vyote darasani vikainuka pamoja, vikiifuata roketi.

Kichwa kimoja hakikuinuka. Thoya alikuwa ameinama mbele, macho ameyakaza chini kabisa pembeni ya picha, kule kwenye bahari nyuma ya mnara. Aliichunguza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Roketi ikatoweka juu, filamu ikaisha, watu wakapiga makofi.

"Bahari tupu," alisema Thoya, akashusha pumzi.

Bi Mkawasi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea ingawa kicheko kilikwisha. "Baba," alimwambia, "kazi imekwisha. Sasa unaweza kugeuka."

Akaamuru filamu irudishwe.

Safari hii Thoya aliinua macho. Aliuona moto unatoka chini ya roketi. Aliiona roketi inaliacha jukwaa. Na mara tu ilipoliacha, mbele ya macho ya kijiji kizima kilichokuwa kimesema wima, wima, wima, roketi iliinama kidogo upande wa kushoto. Kisha ikajinyoosha, ikaenda zake.

Mnong'ono ukapita darasani. Mama Nyevu akasema, "Ati kumbe."

Thoya alikuwa anatabasamu huku mashavu yake yamelowa. "Alisema kweli," alisema.

"Nani?" akauliza Bi Mkawasi.

"Mke wangu. Ile ya ndoo."

Jina la Thoya wa Mwarandu limechongwa kwenye jiwe lile, la nne kutoka juu, na hakuna tena anayeuliza kama alikuwa anafagia. Lakini siku hiyo hakukaa kwenye sherehe mpaka mwisho. Soda zilipoanza kugawiwa, aliaga, akarudi nyumbani kwa miguu. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kwa mazoea, kama mtu anayetaka kuuliza kitu.

Hakuuliza. Aliingia jikoni akauchukua mwiko, akaenda kukaa uani mahali Sidi alipokuwa akikaa, akauinua polepole, akauinamisha kidogo upande wa kushoto. Safari hii yeye ndiye aliyemsimulia.

Funzo: Ukilishangilia jambo kubwa, kumbuka kwamba kuna mtu aliyeligeuzia mgongo ili wewe ulitazame salama. Mtafute ungali unaweza kumshukuru, na umwambie ilikuwaje.